Jino moja limekaa nyuma ya mengine: lisubiri waya au lishughulikiwe sasa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Binti yangu mkubwa ametimiza miaka 9. Meno yake ya mbele ya juu yamepandana, na moja limekaa nyuma kiasi kwamba akiuma, la chini linatokea mbele yake. Bibi yake anasema ni kidole, maana alikinyonya mpaka akaanza shule. Jirani ananiambia nikamng'oe meno ya utoto yaliyobaki ili ya ukubwani yapate nafasi. Wengine wanasema nisubiri afike miaka 15 nimfunge waya. Nimsikilize nani? Na hizo waya zinalisogezaje jino wakati jino limekaa ndani ya mfupa?

Jibu: Marahaba, mama. Kila aliyekushauri ameshika kipande cha ukweli, lakini ushauri mmoja kati ya hiyo unaweza kumgharimu mtoto, kwa hiyo naanza na huo. Usimpeleke kung'olewa meno ya utoto kwa sababu tu ya ukubwani yamepandana. Jino la utoto lililo zima linalinda nafasi ya jino litakaloota chini yake. Ukiliondoa kabla ya wakati, majirani zake hawangoji, wanaisogelea nafasi ile na kuikalia.

La pili, hilo jino lililokaa nyuma lisingoje miaka 15. Hata miaka 12 ni mbali. Apelekwe akaonwe sasa. Hayo mengine yaliyopandana yanaweza kusubiri mpaka chonge na magego madogo ya ukubwani (yale yanayofuata nyuma ya chonge) yaote, na hapo ndipo tutazungumza habari ya waya za mdomo mzima.

Kwa nini nalitenga jino moja na kulifanyia haraka? Mketishe binti yako mlangoni, penye mwanga. Nawa mikono, kisha uvute taratibu mdomo wake wa chini. Utazame ufizi wa lile jino la chini linalotokea mbele, uulinganishe na ufizi wa jino la pembeni yake. Katika hali kama hii unaweza kukuta ufizi umeshuka, jino linaonekana refu kuliko wenzake, na nyama ya hapo imekuwa nyembamba au nyekundu. Halafu mwambie afunge mdomo polepole, asimame pale meno yanapogusana kwa mara ya kwanza, kisha aume kabisa. Kama taya la chini linateleza kwenda mbele au upande ili meno ya nyuma yakutane, umeshaona tatizo lenyewe kwa macho yako.

Meno ya mbele ya juu yanatakiwa yapite nje ya yale ya chini, kama mfuniko unavyopita ukingo wa sufuria. Moja likikaa ndani, kila mtoto anapotafuna na kumeza mate linaligonga lile la chini na kulisukuma nje. Mfupa mwembamba wa mbele unaisha kidogo kidogo, ufizi unaufuata. Meno yote mawili yanasagika kwenye ncha. Na taya, kwa kuwa linakwepa kugongana, linazoea kukaa mahali pasipo pake wakati mtoto bado anakua. Ukisubiri miaka sita, jino litakuwa bado linaweza kusogezwa, lakini ufizi ulioshuka huenda usirudi wote, na meno yaliyosagika hayarudi kwa waya.

Habari njema ni kwamba katika umri wake kazi hii kwa kawaida si kubwa, ilimradi pana nafasi ya jino kupita. Daktari huchukua kipimo cha kinywa na kumtengenezea kipleti cha plastiki cha kuvaliwa kwenye kaakaa, chenye springi ndogo nyuma ya lile jino. Meno ya nyuma hufunikwa na plastiki kidogo ili mdomo usifungike mpaka mwisho, jino lipate njia ya kuvuka bila kugongana na la chini. Anakivua wakati wa kupiga mswaki, mengine yote anakaa nacho, na unarudi kliniki kila baada ya wiki chache springi ikazwe. Katika miezi michache jino huwa limeshavuka. Likivuka, la chini linalizuia lisirudi nyuma. Ukiona kliniki inataka kumfunga mtoto wa miaka 9 waya juu na chini kwa ajili ya jino moja la aina hii, uliza kwa adabu kwa nini kipleti au waya fupi ya meno machache haitoshi. Huenda wana sababu. Uisikie.

Sasa tuje kwa jirani yako, maana fikra yake ni ya watu wengi: toa ya zamani, mapya yatajipanga. Mtoto ana meno 20 ya utoto. Akifika kama miaka 6, nyuma ya hayo yote linaota gego la kwanza la ukubwani, moja kila upande, juu na chini. Halimng'oi yeyote, linakuja kimya, na wazazi wengi wanadhani ni la utoto. Nimewahi kuletewa mtoto wa miaka 7 ambaye magego hayo mawili yalikuwa yameshang'olewa kwa kuwa yalitoboka, na mama akaniambia kwa utulivu kabisa, "Si yataota mengine, daktari?" Hayataota. Kwa hiyo hesabu meno ya mwanao kutoka katikati kwenda nyuma: la sita, katika umri huo, ni la maisha.

Gego hilo, kwa tabia yake, huelekea mbele. Linalolizuia ni magego mawili ya utoto yaliyo mbele yake. Yakiwa mazima, linatulia. Yakitoboka na kung'olewa mtoto akiwa na miaka 5 au 6, gego la ukubwani linateleza mbele na kuijaza nafasi. Miaka minne au mitano baadaye jino lililokuwa linasubiri pale chini linapanda na kukuta pamefungwa. Linabaki ndani ya mfupa, au linatokea upande wa ulimi, au upande wa shavu. Katika vinywa ninavyoviona, hii ni njia mojawapo kubwa ya meno kupandana ambayo ingezuilika. Imeanzia kwenye juisi na biskuti za kila saa, ikapita kwenye kauli ya "meno ya utoto si kitu, yatang'oka tu", ikaishia kwenye waya za gharama. Jino la utoto lililotoboka linazibwa pale inapowezekana. Likiwa limeoza kiasi cha kung'olewa, daktari anaweza kuweka kizuizi cha waya kushika nafasi mpaka mwenyewe aje.

Na kuna jambo ambalo jirani hakulijua. Magego ya utoto ni mapana kuliko magego madogo ya ukubwani yanayoyarithi. Yakidondoka kwa wakati wake, kati ya miaka 10 na 12, yanaacha akiba ya milimita moja au mbili kila upande. Mtaalamu mwenye subira huitumia akiba hiyo kunyoosha meno ya mbele. Ukiyang'oa leo, umeitupa.

Mbele mambo ni kinyume. Jino la kati la juu la utoto lina upana wa kama milimita 6 na nusu, na mrithi wake ana kama milimita 8 na nusu. Ndiyo maana mtoto wa miaka 5 mwenye mianya kati ya meno yake, mzazi wake ashukuru: ile mianya ni kiwanja kilichotengwa mapema. Mtoto ambaye meno yake ya utoto yamebanana yakapendeza kama punje za mahindi, huyo ndiye tunayemtarajia meno ya ukubwani yapandane.

Kubanana huko kwa sehemu kubwa ni urithi. Mtoto anarithi umbo la taya na ukubwa wa meno, na viwili hivyo si lazima vikubaliane. Mtazame baba yake, mtazame shangazi yake, utaona tabasamu lile lile. Kuna meno yasiyoota kabisa kwa kuwa hayakuumbwa, na kuna jino la ziada, mara nyingi dogo lenye ncha, linalokaa katikati ya meno mawili ya mbele na kuyatawanya au kuyazuia yasishuke. Mtoto akianguka akiwa na miaka 2 au 3 na jino la utoto likazama ndani ya ufizi, lile lililo chini yake linaweza kubadili njia. Hili ukumbuke kwa binti yako: je, aliwahi kuanguka kifudifudi? Je, jino la utoto la mahali hapo lilichelewa kung'oka wakati wenzake wameshatoka? Yote mawili hufanya jino la ukubwani litokee nyuma.

Bibi yake naye, kwa heshima zote, safari hii amemshitaki asiyehusika. Kidole kina alama yake. Mtoto anayekinyonya kwa saa nyingi mpaka meno ya ukubwani yanaota, meno ya juu yanakwenda mbele, ya chini yanalala nyuma, katikati panabaki uwazi hata akiuma meno, na kaakaa linakuwa jembamba na refu kwenda juu. Wa kwako jino limerudi nyuma, na kidole hakivuti jino nyuma. Ila kama bado anakinyonya usiku, mwambie daktari. Nakuomba tu usimpake shubiri wala pilipili kwa hasira. Mtoto wa miaka 9 anajua aibu ya jambo lile kuliko sisi. Akieleweshwa, akavaa soksi mkononi usiku na akasifiwa asubuhi, wengi wanaacha.

Mtoto anayelala mdomo wazi na kukoroma kila siku apimwe pua na koo kwanza. Nyama za puani zikiwa kubwa mtoto anapumulia mdomo, na taya la juu linaweza kukua jembamba.

Kuna chanzo kingine ambacho si cha mwanao, lakini siwezi kuandika habari za meno yaliyoharibika mpangilio katika nchi zetu nikakiacha. Ni "meno ya plastiki", wengine wanayaita "meno ya nailoni". Mtoto mchanga anapata homa na kuharisha, mtu anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi mahali pa chonge, anatangaza kwamba ndiyo ugonjwa wenyewe, kisha anauchimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni chonge ya utoto ikiwa bado laini, inajiandaa kuota. Kila mtoto anayo. Anayechimbuliwa anaweza kuvuja damu mpaka kufa, au kupata sumu ya damu, huku kuharisha kwenyewe hakujatibiwa. Anayepona tunampokea miaka 10 baadaye: chonge haipo, au imeota imekunjamana, meno ya pembeni yameingia pengoni na mstari wa katikati umehama. Mfupa wa hapo umeshapungua, na kuusawazisha ni kazi ngumu. Mtoto mwenye homa na kuharisha anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini, na kituo cha afya.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo limenifurahisha sana, maana watu hufunga waya miaka miwili bila kuliuliza. Jino linasogeaje ndani ya mfupa?

Mfupa wa taya si saruji. Una damu, una seli, unabomolewa na kujengwa kila siku. Na jino halikuchomekwa humo kama msumari ukutani. Kati ya mzizi na mfupa pana utando wa nyuzi, unene wake haufiki nusu milimita, unaolibeba jino kama kamba za kitanda zinavyombeba aliyelala. Ukilisukuma jino kwa nguvu ndogo isiyokatika, upande linakoelekea nyuzi zinabanwa, na mwili unaleta seli za kula mfupa. Upande linakotoka nyuzi zinavutwa, na huko zinakuja seli za kujenga. Ukuta wa mbele unabomolewa, wa nyuma unajengwa, na jino linahama na nyumba yake. Mwendo wa kawaida ni kama milimita moja kwa mwezi.

Nguvu yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kuliinamisha jino la mbele kunahitaji kama gramu 50, uzito wa yai moja la kuku. Mgonjwa akiniambia "kaza sana, daktari, nimalize kabla ya harusi", namweleza kwamba nguvu ikizidi, mishipa midogo ya damu kwenye zile nyuzi inabanwa mpaka inafunga. Seli zinakufa, jino linasimama wiki kadhaa likisubiri mwili usafishe mahali pale, na ncha ya mzizi inaweza kuliwa. Mzizi ulioliwa haurudi. Anayekukaza mpaka ukalia hajakusaidia kufika mapema.

Kwa sababu hiyo, waya ya kwanza tunayoweka ni nyembamba, ya mchanganyiko wa nikeli na titani. Mchanganyiko huo uligunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani karibu na mwaka 1960, na miaka ya 1970 ukaanza kuingia kwenye vinywa. Sifa yake ni kwamba unakumbuka umbo lake. Nikiishika waya hiyo mkononi imepinda kama upinde mzuri wa meno yaliyonyooka. Naikunja ifuate meno yalivyo, hili ndani, hili nje, naifunga kwenye vile vidude vya chuma vilivyogandishwa kwenye kila jino, tunavyoviita braketi. Mgonjwa anakwenda nyumbani, na waya mchana na usiku inajaribu kurudi kwenye umbo lake. Meno yanaifuata. Baada ya miezi kadhaa tunahamia kwenye waya nene zaidi, kisha za chuma cha pua, ambazo zinaweza kunyoosha hata mzizi, si kichwa cha jino peke yake. Zamani kila jino lilivishwa pete ya chuma. Tangu mwaka 1955 ilipojulikana kwamba asidi kidogo ikipakwa juu ya jino gundi inashika vizuri, njia ikafunguka ya kugandisha braketi moja kwa moja. Wasomaji wa Arusha na Kilimanjaro ambao meno yao yamekuwa ya kahawia kwa maji yenye floridi nyingi wajue kwamba gundi inaweza kushika kwa tabu zaidi kwenye meno yaliyoathirika sana, na kwamba waya hazibadilishi rangi ya jino.

Kwa binti yako, waya kamili zitafaa meno ya ukubwani yakiwa yameota karibu yote, kwa watoto wengi kati ya miaka 11 na 13. Kabla ya hapo aonwe kila mwaka. Daktari atachukua picha za uso na meno, kipimo cha plasta, na eksirei inayoonyesha taya zima pamoja na meno ambayo hayajatoka. Bila eksirei asianze. Chonge ya juu hasa ina tabia ya kupotea njia ikalala ndani ya kaakaa. Ikijulikana mtoto akiwa na miaka 10 au 11, wakati mwingine kung'oa chonge ya utoto peke yake kunairudisha kwenye njia. Ndiyo, huko ni kung'oa jino la utoto, lakini ni moja, kwa sababu moja, baada ya picha.

Kama nafasi itakosekana kabisa, daktari anaweza kukuambia kwamba atang'oa magego madogo manne ya ukubwani, mawili juu na mawili chini, yakiwa mazima. Wazazi wengi wanashituka, na nawaelewa. Fikiria hivi: gego dogo lina upana wa kama milimita 7. Mawili katika taya moja yanatoa milimita 14. Mtoto aliyepungukiwa milimita 10 huwezi kumpangia meno bila kupata nafasi mahali fulani, na ukiyalazimisha yote yanasukumwa nje, midomo haifungi na ufizi unakonda. Aliyepungukiwa milimita 3 au 4, kwa kawaida hahitaji kung'olewa. Kaakaa jembamba la mtoto linaweza kutanuliwa kwa kifaa chenye skrubu, kwa sababu mshono wa katikati wa mfupa bado haujafunga. Muulize daktari: amepungukiwa milimita ngapi? Mwenye mpango atakujibu kwa namba.

Muda wa kawaida ni miezi 18 hadi 24, wengine wanazidi. Kliniki ni kila baada ya wiki 4 hadi 8. Siku tatu au nne za mwanzo, na kila waya inapobadilishwa, meno yanauma kama yamechoka, atataka uji, mtori au wali laini, na panadoli kwa dozi ya umri wake inatosha. Muwa wa kung'ata, mahindi ya kuchoma, kashata, korosho, mifupa na barafu vinang'oa braketi. Embe na pera akate vipande. Mishikaki aiondoe kwenye njiti kwanza.

Lakini kinachoharibu meno yenye waya zaidi ya kashata ni ukoga. Ukitulia kuzunguka braketi, asidi yake inachota madini ya jino, na siku waya zinapotolewa unakuta mraba wa weupe kama chokaa kuzunguka mahali braketi ilipokuwa. Meno yamenyooka na yamepata madoa ya kudumu. Kwa sababu hiyo simfungi mtoto waya kabla sijaona kwa miezi miwili mfululizo kwamba fizi hazitoki damu na matundu yamezibwa. Anzeni leo: mswaki wenye dawa ya floridi asubuhi na usiku, dakika mbili, wewe ukimkagua. Soda abaki nayo kwa sikukuu.

Kisha ritena. Hapa ndipo fedha za wazazi wengi zinapopotea. Waya zikitolewa, mfupa mpya bado ni laini, na nyuzi za ufizi zilizovutika pamoja na meno zinachukua hata mwaka mzima kujipanga upya. Wakati huo zinayavuta meno kurudi yalikotoka. Ritena ni kipleti cha kuvaa, au waya nyembamba inayogandishwa nyuma ya meno ya mbele, kuyashika mahali papya. Miezi ya mwanzo inavaliwa kama daktari atakavyoagiza, baadaye usiku tu, na ushauri wangu ni usiku huo usiwe na mwisho. Kila anayekuambia "nilifunga waya, meno yakarudi", muulize ritena yake iko wapi.

Watu wazima wanaosoma hapa nao wanaweza kufunga waya, hata miaka 50, ilimradi fizi na mfupa ni vizima. Kinachopungua ni uwezo wa kuelekeza ukuaji wa taya, na tofauti kubwa ya taya kwa mtu mzima huhitaji upasuaji pamoja na waya. Mtu mzima ambaye meno yake yalikuwa sawa, sasa yanatawanyika na kulegea, aangaliwe ugonjwa wa fizi kabla ya jambo lolote.

Na mwanya, mama, si ugonjwa. Mtoto wa miaka 8 au 9 mwenye mwanya katikati ya meno ya juu mara nyingi unajifunga chonge zikishuka. Usipojifunga, pwani yetu tumeuhesabu kuwa uzuri tangu zamani, nami siuzibi ila mwenyewe akitaka. Nalisema kwa sababu ya msichana mmoja aliyeletwa kwangu akiwa na miaka 16. Aliona video, akavisha raba ndogo ya kufungia nywele kwenye meno yake mawili ya mbele ili mwanya ufunge. Ukafunga kweli, kwa siku chache. Asubuhi moja raba hakuiona, akadhani imekatika usingizini. Jino limechongoka kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo raba iliteleza ikapanda chini ya ufizi, ikaendelea kupanda ikikata zile nyuzi za kitanda kila siku. Alipofika, meno yote mawili yalikuwa yanacheza, usaha unatoka, na nilipofungua ufizi kwa ganzi niliikuta raba imezunguka karibu na ncha za mizizi. Moja halikuokolewa. Waya za urembo zinazouzwa mitandaoni na kugandishwa saluni sizitofautishi na raba ile. Zinasukuma bila anayejua zinasukuma kwenda wapi.

Anza na kliniki ya meno ya hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo Bombo. Daktari wa meno atamwona na kuamua kama atashughulikia lile jino mwenyewe au atakupa rufaa kwa bingwa wa kupanga meno, Muhimbili au kwingine. Kabla ya kulipa chochote uliza bei ya kazi nzima tangu kipimo mpaka ritena, braketi ikidondoka nani analipa, na bima yako inabeba nini. Nenda na majibu ya yale niliyokuuliza: kama aliwahi kuanguka, jino la utoto la pale lilitoka lini, kidole aliacha lini, analala mdomo wazi au la. Na umwonyeshe daktari ule ufizi wa jino la chini kabla hajaanza kutazama yale ya juu, maana ndio utakaomwambia muda uliobaki.